Mbwa Anapobweka Mahali Pamoja

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, Mkoa wa Singida

Natumaini taa inawaka vizuri na kila mtu ana daftari na kalamu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne: mbwa, kifutu, swila, koboko. Yasomeni mara moja kwa sauti. "Koboko" ni neno jepesi kusoma, maana "o" ile ile inarudi mara tatu. Mwenye jina hilo si mwepesi hata kidogo.

Somo letu la leo ni juu ya mbwa wa nyumbani na nyoka. Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha. Watu wanakwenda mashambani alfajiri na kurudi magharibi, na nyoka nao wanatoka. Kila ninapopita madarasani na kuwaomba watu wasimulie habari moja ya nyumbani kwao, haikosekani habari ya mbwa aliyemwona nyoka kabla ya watu. Wengi hucheka wanaposimulia. Wengine hunyamaza katikati, kwa kuwa si kila habari ya namna hiyo iliisha vizuri. Mimi pia nitawasimulia ya kwetu. Kwetu ni Mkalama, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Iramba. Nyumba ya babu ilikuwa tembe, kuta za udongo na paa bapa la miti iliyofunikwa udongo.

Kwanza nizungumze juu ya jina la mbwa. Ninyi mnajua kwamba huku kwetu mbwa hapewi jina bure. Mtu akigombana na jirani, hawezi kumtukana mbele ya watu. Basi humwita mbwa wake Sijali, au Watasema, kisha kila jioni husimama mlangoni akaliita jina hilo kwa sauti kubwa. Jirani husikia. Hawezi kushtaki, maana aliyeitwa ni mbwa.

Watasema alikuwa mbwa wa babu yangu. Alikuwa mwembamba, rangi ya mchanga, na sikio moja lilikuwa limechanwa na fisi. Babu hakumruhusu kuingia ndani, wala hakumpa chakula kingi. Ukoko wa ugali wa mtama na mifupa, basi. Lakini alimsikiliza, na sisi watoto tulifundishwa kumsikiliza.

Mgeni akija, Watasema alimkimbilia akibweka, akarudi nyuma, akamkimbilia tena. Fisi akipita usiku, alibweka kwa sauti nene huku amejibana ukutani. Lakini akiona nyoka, alisimama mahali pamoja. Alibweka kwa kukatakata, hau, hau, hau, akiruka nyuma na kurudi pale pale, macho yake chini. Bibi akisikia sauti hiyo aliacha hata chungu kikichemka. Alituita kwa majina, mmoja mmoja, mpaka watoto wote tukawa nyuma yake. Ndipo alipouliza, "Yuko wapi?"

Angalieni mpango wake bibi. Swali la nyoka lilikuja mwisho. La kwanza lilikuwa watoto.

Mtu anaweza kuuliza, mbwa anajuaje? Pua ya mbwa ni kali kuliko yetu mara nyingi sana, na masikio yake husikia sauti nyembamba tusizoweza kuzisikia sisi. Nyoka akijivuta chini ya majani makavu, mbwa hupata habari. Tena mbwa amekaa na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000, kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, kabla ya kuku. Lakini hajui aina za nyoka. Humbwekea nyoka mdogo wa majani asiye na sumu kama anavyombwekea koboko. Kumjua nyoka ni kazi yetu, na hata sisi hukosea. Kwa hiyo nyoka usiyemjua mhesabu kuwa ana sumu, umwache na nafasi ya kwenda zake.

Tuanze na kifutu. Wengine humwita moma. Ni mnene, urefu wake kama mita 1, kichwa ni kipana, na mgongoni ana alama zilizopangwa kama herufi V. Ninyi mnaojifunza herufi hamtazisahau: V, V, V mpaka mkiani. Kifutu hakimbii. Hulala kimya njiani, juu ya mchanga au kati ya majani makavu, akitegemea rangi yake imfiche. Ukimkaribia hutoa pumzi kwa nguvu. Usipoisikia pumzi hiyo ukamkanyaga, huuma upesi kuliko unavyoweza kuondoa mguu. Jike lake halitagi mayai. Huzaa watoto, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mara moja, na kila mmoja huzaliwa tayari na sumu yake.

Mwaka 2001, wakati wa kupalilia mtama, Watasema alisimama njiani mbele ya mama yangu. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na jembe begani. Hakumwona nyoka. Aliona mbwa tu, anaubwekea mchanga mtupu. Jua lilikuwa linapanda, naye alitaka kumpita. Kisha mchanga ukatoa pumzi. Mama alirudi nyuma hatua kwa hatua, akazunguka mbali kupitia shamba la jirani, akafika kazini amechelewa. Baba alimwuliza sababu. Alijibu, "Mwulize Watasema."

Wako ndugu zetu wanaosema mpaka leo kwamba ingempasa kuita wanaume waje kumwua yule kifutu. Mimi naona alifanya vema. Alikuwa na mtoto mgongoni. Wako watu walioumwa kwa kumfuata na fimbo nyoka ambaye alikuwa hana haja nao. Tena nyoka hula panya, na panya hula mtama wetu. Nyoka aliye mbali na nyumba anafanya kazi ambayo hatumlipi.

Sasa swila. Huyu huinua kichwa na kutanua shingo. Yule anayetema hulenga uso, na sumu yake hufika mita 2, hata zaidi. Siku moja Watasema alimkuta swila chini ya kihenge cha mtama. Palipo na nafaka pana panya, na panya ndio waliomleta. Watasema alibweka karibu mno. Swila akatema. Mbwa alilia, akajisugua uso ardhini, akawa anazunguka kama mlevi.

Bibi alimshika, akamlaza, akamfungua kope kwa vidole na kummiminia maji machoni. Alitumia debe zima, na kisima chetu kilikuwa mwendo wa saa nzima. Jirani mmoja aliyekuwa akitazama alisema ni hasara kumwagia mbwa maji ya kunywa. Bibi hakumjibu. Jina la mbwa lilikuwa limekwisha kumjibu siku nyingi. Macho yalivimba kwa siku mbili, na siku ya nne Watasema aliona tena.

Mtu naye hufanyiwa vivyo hivyo. Fungua kope, mimina maji safi kwa muda mrefu, dakika 15 au zaidi. Asisugue macho. Msitie majani wala mkojo wala dawa nyingine ya nyumbani. Maji yakikosekana kabisa, maziwa yatafaa. Baada ya hapo mpelekeni kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua, maana sumu ile huweza kutia jicho kidonda, na kidonda kikaleta upofu.

Sasa tumefika kwa koboko. Watu wengi wamesikia kwamba koboko ni mweusi, kwa hiyo wakiona nyoka wa kijivu husema huyu si koboko. Hapo ndipo penye hatari. Ngozi ya koboko ni ya kijivu, au ya kahawia, au ya kijani kilichofifia. Weusi wake umo ndani ya kinywa, na mtu aliyefika mahali pa kuuona weusi huo amekwisha kusogea mno. Urefu wake kwa kawaida ni mita 2 hadi 3, na wako wanaozidi. Hupenda nyufa za miamba, vichuguu vilivyoachwa, na mashimo ya miti. Nasi Singida miamba hatukunyimwa. Aliyefika mjini akaona Ziwa Singidani na Ziwa Kindai ameyaona yale majabali yaliyorundikana kando ya maji.

Nyuma ya nyumba ya babu kulikuwa na majabali kama yale, madogo zaidi, na watoto tulikuwa tukicheza hapo. Mwezi wa Desemba mwaka 2003 tulisikia ile sauti ya kukatakata. Tulikuwa watoto wanne. Watasema alikuwa kati yetu na ufa wa jiwe. Binamu yangu mkubwa, msichana wa miaka 12, alitushika mikono, akatuteremsha mpaka kwa bibi, kisha akageuka akamwita mbwa kwa sauti yake yote.

Watasema alikuja akitembea. Alilala karibu na mafiga. Hakuwa na uvimbe, tukadhani amechoka tu. Kisha kope zake zikaanza kushuka, mate yakamtoka, miguu ya nyuma ikakataa kusimama, na pumzi ikawa ndogo ndogo. Kabla ugali haujasongwa alikuwa amekufa.

Huku kwetu mbwa akifa hutupwa porini. Babu alichukua jembe, akachimba chini ya mkwaju. Watu waliokuwa wakipita walicheka, wakisema mzee anazika mbwa kama mtu. Babu aliendelea kuchimba. Alipomaliza aliwaambia, "Hesabuni watoto." Walituhesabu. Tulikuwa wanne.

Shikeni neno moja katika habari hiyo, maana linamhusu binadamu vile vile. Sumu ya koboko haivimbishi sana. Hulegeza. Aliyeumwa huhisi ganzi mdomoni, kope humshuka, maneno huwa mazito kinywani, hushindwa kumeza, na mwisho kifua hushindwa kuvuta hewa. Watu wakitazama mguu wakaona haukuvimba, husema sumu haikuingia. Watazameni macho. Kope zikianza kushuka, hakuna dakika ya kupoteza. Hospitalini wanaweza kumsaidia kupumua mpaka dawa ifanye kazi.

Mwaka uliofuata palitokea jambo kwa shangazi yangu, kijiji cha pili kutoka kwetu. Walikuwa na mbwa kijana, mwenye kelele nyingi. Usiku mmoja alibweka kando ya banda la kuku, mahali pamoja, muda mrefu. Mume wa shangazi alikuwa amechoka kwa kazi ya shamba. Alitoka, akatupa jiwe, mbwa akanyamaza, akarudi kulala. Kabla ya mapambazuko shangazi alikwenda kufungua kuku. Hakuchukua taa, maana mafuta ya taa yalikuwa ghali. Kifutu alimwuma juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Tukae hapa kidogo, maana saa zilizofuata ndizo somo lenyewe.

Watu walikuja wengi, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alifunga kamba ya katani chini ya goti na kuikaza kwa kijiti mpaka ngozi ikabadilika rangi. Wa pili alichanja kwa wembe ili damu itoke. Wa tatu alileta jiwe la nyoka, lile jeusi linalotengenezwa kwa mfupa uliochomwa, akalibandika juu ya jeraha. Alikuwapo mzee mmoja aliyesema apelekwe hospitali. Wengine walimjibu kwamba mganga yuko karibu, hospitali iko mbali, na gari hakuna. Katika jambo moja walisema kweli: gari halikuwapo. Wakangoja mpaka adhuhuri. Uvimbe ulipofika pajani ndipo walipompakia juu ya baiskeli mpaka barabarani, na huko wakapata lori la vitunguu. Walifika hospitali usiku, kamba bado imefungwa.

Shangazi alipona, lakini mguu haukupona. Nyama ilikuwa imekufa kwa sumu, na kamba ilikuwa imezuia damu kwa muda wa siku nzima. Madaktari waliukata mguu chini ya goti. Alikuwa mama wa watoto watatu, mwenye nguvu za kulima kuliko mumewe, na toka siku ile hakushika jembe tena. Sasa anashona nguo kwa cherehani ya mkono. Yeye husimulia habari hii bila kumlaumu mtu. Wale walikuwa ndugu na majirani, na kila mmoja alitenda kama alivyofundishwa na baba yake. Lakini kila anapoisimulia hufika mahali pamoja akanyamaza, kisha husema, "Mbwa alisema tangu usiku."

Najua yuko mtu darasani anayejiuliza: mbona jirani yangu aliwekewa jiwe la nyoka akapona? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni hili. Nyoka mwenye sumu haitoi kila mara anapouma. Mara nyingine huuma bila kumwaga sumu, na mara nyingine hutoa kidogo tu. Zaidi ya hayo, nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Aliyeumwa na nyoka wa namna hiyo angepona hata kama angewekewa kipande cha sabuni. Jiwe hupata sifa kwa kazi ambayo halikuifanya. Kisha siku ya kifutu kweli, au koboko kweli, watu hulitegemea na saa zinapita. Mganga ninamheshimu, na mganga mwenye busara atakuwa wa kwanza kusema, "Huyu apelekwe."

Basi mtu akiumwa, ondokeni kwanza pale alipo nyoka, wala msimwinde. Mwenye simu akiweza kumpiga picha kutoka mbali, vema. Asipoweza, si lazima. Aliyeumwa alazwe na kutulizwa, maana akikimbia huku na huko sumu huenea upesi. Mvueni pete, bangili, viatu, na chochote kitakachobana uvimbe ukija. Mguu au mkono ulioumwa utulizwe kwa vijiti viwili vilivyonyooka na kitambaa, kama mnavyofunga mfupa uliovunjika, bila kukaza. Hakuna kamba, hakuna wembe, hakuna kunyonya jeraha, hakuna pombe, wala asipewe aspirini, kwa sababu huzidisha kutoka damu. Akitapika, mlazeni ubavu wa kushoto. Na wakati mmoja anafanya hayo, mwingine awe amekwisha kupiga simu kutafuta chombo. Siku hizi pikipiki zimefika karibu kila kijiji. Mgonjwa akae katikati, dereva mbele, na mtu mwingine nyuma amshike. Andikeni saa aliyoumwa. Mnajua kuandika sasa, na daktari ataitaka saa hiyo.

Dawa yenyewe ni nini? Ni sindano, na habari yake ni ya ajabu kidogo. Katika miaka ya 1890 tabibu Mfaransa aitwaye Albert Calmette alikuwa kazini Saigon, katika nchi ambayo leo ni Vietnam. Mvua kubwa iliwafukuza nyoka jamii ya swila wakaingia kijijini na kuuma watu. Calmette akaanza kuuchunguza ugonjwa huo. Ilionekana kwamba mnyama akichomwa sumu kidogo kidogo, akaongezewa polepole, mwili wake hujitengenezea ulinzi ndani ya damu. Ulinzi huo huweza kutolewa katika damu ya farasi na kusafishwa, kisha akachomwa mtu aliyeumwa. Mpaka leo dawa nyingi za sumu ya nyoka hutoka kwa farasi. Sumu ya kifutu na sumu ya koboko si moja, kwa hiyo dawa lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa nyoka wa nchi zetu.

Hapa pana shida ambayo sitaificha. Dawa hii ni ghali, huharibika isipotunzwa vizuri, na haikai katika kila zahanati. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Shirika hilo lilikadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani hufa kwa kuumwa na nyoka, na mara tatu ya hao hukatwa viungo au kubaki na ulemavu mwingine wa kudumu. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto, watu wa vijiji kama vyetu. Mwaka 2019 likaweka mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030.

Hatutakaa tukingoja 2030. Kabla palizi haijaanza, serikali ya kijiji na iulize: dawa ya sumu ya nyoka iliyo karibu nasi iko hospitali gani? Anayekaa Mkalama au Iramba aulize juu ya Iambi na Kiomboi. Wa Ikungi waulize juu ya Makiungu, na wa Itigi juu ya Mtakatifu Gaspari. Ulizeni, msikisie. Jibu liandikwe kwa herufi kubwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, pamoja na namba ya simu ya mwenye gari au pikipiki. Ni kazi ya jioni moja.

Wazee wanaoikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watawasimulia jinsi vikundi vilivyokaa kuizunguka redio moja. Vilisikiliza, vikajadiliana, kisha vikaenda kuchimba vyoo. Nasi tuna kazi ya mikono. Rundo la kuni liwe mbali na mlango. Nyufa za ukuta wa tembe zizibwe kwa udongo. Kihenge kiinuliwe juu ya mawe na chini yake pafagiliwe, panya wakose maficho. Alalaye chini juu ya ngozi atafute kitanda akiweza, na chandarua kichomekwe vizuri. Usiku mtu asitoke bila tochi, hata kwa hatua kumi.

Na mbwa je? Mbwa ana haki ya maji na chakula kila siku. Wako wenzetu ambao dini yao inawataka wajiepushe na mate yake. Hao humfuga nje kwa ulinzi, na wanajua kumtendea vema. Kila mwaka apelekwe kwa afisa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, maana mlinzi asiyechanjwa anaweza kuleta nyumbani kifo kibaya kuliko cha nyoka. Asifungwe mnyororo usiku na mchana. Na akibweka usiku mahali pamoja, mtu mzima aamke, awashe tochi, asimame mbali, atazame. Huenda ni nungunungu tu. Nungunungu hana neno, mtarudi kulala.

Sasa, mwalimu, nakuachia darasa. Wasomaji wasome kwa zamu ile sehemu ya shangazi, kisha kila kundi liseme lingefanya nini saa ya kwanza, na nani katika kijiji chao angepigiwa simu. Halafu kila mtu aandike sentensi tatu katika daftari: jina la mbwa wa nyumbani kwao, sababu ya kupewa jina hilo, na siku moja alipobweka na walichokikuta. Asiye na mbwa aandike juu ya mbwa wa jirani, hata kama jina lake linamsema yeye. Kwaherini.